Taa za barabarani ziangaze lami, si mawingu ya Loleza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme machache kuhusu taa za usiku. Najua barua ni ndefu. Ukibanwa na nafasi kata huku mwanzo, mafundi uwaachie sehemu yao.

Barabara kuu ya TANZAM inapanuliwa kuwa njia nne hapa Mbeya, na lami mpya ya mjini huja na nguzo za taa. Hakuna mwenye akili zake anayezipinga. Mama anayevuka pale Mafiati saa mbili usiku na beseni la ndizi kichwani hahitaji kuelezwa faida ya taa. Ombi langu ni kwamba kabla nguzo hazijasimikwa tukubaliane vichwa vyake vitatazama wapi, mwanga wake utakuwa wa rangi gani, mwingi kiasi gani, na utawaka hivyo mpaka saa ngapi. Ukikosea mambo hayo manne unapata kile kinachoitwa uchafuzi wa mwanga: mwanga ulioulipia, ukaenda usikohitajika, ukadhuru. Kuyaweka sawa kwenye makabrasha ya zabuni ni kazi ya mistari minne. Kuyaweka sawa nguzo zikishasimama ni kazi ya winchi, mafundi, kufunga barabara, na fungu la bajeti ambalo halitapatikana.

Nianze na taa ambayo kila msomaji anaijua, ile bapa ya LED ya wati 50 inayofungwa kwenye ukuta wa nyumba au duka. Mara nyingi utaikuta imeinuliwa uso kama dishi la king'amuzi, kwa nia njema ya kuangaza mbali. Taa hiyo hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4,000 hadi 5,000 na kuzitawanya kwa upana wa nyuzi 120 hivi. Ikitazama mbele moja kwa moja, nusu ya mwanga wote inapita juu ya usawa wa taa yenyewe, mahali ambapo hapana geti, hapana ng'ombe, hapana mwizi. Nusu nyingine ndiyo inayoangaza, na sehemu yake huishia machoni mwa anayekuja.

Jaribio ni rahisi. Simama getini ukiitazama nyumba yenye taa ya namna hiyo, kisha nyoosha mkono uizibe taa kwa kiganja. Ghafla utaona kilichoko nyuma na pembeni mwake: ndoo, mlango wa stoo, mtu kama yupo. Vitu hivyo vilikuwepo muda wote, ila mng'ao ulitawanyika ndani ya jicho kama utaji ukaufunika mwanga hafifu wa kwenye kivuli. Ukigeuka kutazama barabara yenye giza, jicho huhitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea kikamilifu, na bodaboda haikusubiri muda huo. Kwa hiyo anayesema taa kali ni ulinzi, aende getini na kiganja chake kwanza. Taa inayokuchoma macho inamficha mwizi kwenye kivuli kilichokolea zaidi, tena inampa na mwanga wa kufanyia kazi.

Na bei yake je? Wati 50 kwa saa 12 ni uniti 0.6 kila usiku, uniti 219 kwa mwaka. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU anayelipa kama shilingi 350 kwa uniti kodi zikiwemo, hizo ni zaidi ya shilingi 76,000. Balbu ya LED ya wati 10 iliyofunikwa vizuri ikatazama chini haifiki shilingi 16,000 kwa mwaka. Inatosha? Ina lumeni kama 900 hadi 1,000. Hata nusu yake tu ikifika kwenye eneo la mita 4 kwa 4 mbele ya mlango, unapata luksi 30 hivi, yaani lumeni 30 kwa kila mita ya mraba. Mbalamwezi kamili haizidi sana luksi 0.25, na wazee wetu walitembea nayo kutoka kijiji hadi kijiji. Mlango wako una mwanga wa zaidi ya mbalamwezi mia.

Sasa twende angani. Mwanga unaopanda hugonga hewa, vumbi na matone ya maji, ukatawanyika na kurudi chini kama ukungu wa mwanga juu ya mji. Ulio mbaya zaidi si ule unaopanda wima. Huo hutoboa hewa na kutoka haraka. Mbaya ni unaotoka umelala, nyuzi chache tu juu ya usawa wa ardhi, kwa sababu husafiri kilomita nyingi ndani ya hewa ya chini. Ndiyo maana taa iliyoinuliwa uso kidogo tu ina madhara kuliko udogo wa kosa lake.

Rangi nayo ina hesabu yake. Hewa safi hutawanya mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 mara tatu zaidi ya mwanga wa rangi ya machungwa wa nanomita 600. Ni sababu ile ile inayoipa mbingu rangi ya bluu mchana. Kwenye boksi la balbu angalia namba yenye herufi K, yaani Kelvini. 6500K ni nyeupe yenye ubluu mwingi. 3000K ni ya njano, inakaribia ile balbu ya zamani ya waya. 2200K inakaribia rangi ya machungwa ya taa za sodiamu. Wanunuzi wengi huchukua 6500K wakiamini ndiyo yenye nguvu. Nguvu ya mwanga husomwa kwenye lumeni, si kwenye weupe. Kwa wati zile zile ya njano hupungua lumeni kidogo, kiasi ambacho jicho halitambui.

Hapa kwetu lipo la ziada, nalo ni mawingu na ukungu. Vipimo vya Berlin vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionesha kwamba ndani ya jiji, wingu likitanda, anga la usiku hung'aa kama mara 10 ya usiku usio na wingu. Wingu linageuka dari. Anayekaa Mufindi, Tukuyu au Njombe, ambako ukungu ni mwenyeji, hesabu hiyo inamhusu kuliko mtu wa Dodoma. Ndani ya ukungu mzito hata rangi ya njano haikuokoi, maana matone makubwa hutawanya rangi zote sawasawa. Kinachookoa ni kuuzuia mwanga usipande kabisa.

Milima nayo. Vitabu vya ufundi vingi huandikwa kwa ardhi tambarare. Kofia ya taa inayomkinga jirani wa usawa wako haimkingi aliye chini ya mteremko, kwa sababu yeye anaitazama kofia kwa chini. Miguuni mwa mlima Loleza hapa Mbeya au kwenye miteremko ya Njombe hilo ni jambo la kila nyumba; na Iringa, mji ulivyokaa juu na Ipogolo ikiwa chini bondeni, taa ya mmoja huonwa na mtaa mzima. Nitalirudia kwenye vipimo.

Je, madhara yapo kweli au ni kilio cha watu wanaopenda nyota? Waulizwe wafuga kuku wa mayai wa Iringa. Wanajua kwamba kuku akipewa mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku, taa ikijazia pale jua linapoishia, hutaga vizuri zaidi; na taa ikikatika siku kadhaa mayai hupungua. Balbu ndogo bandani inauamuru mwili wa kuku. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayenunua balbu kwa kazi hiyo anaamini taa inayopenya dirishani kwake haimfanyi kitu. Ndani ya jicho la binadamu kuna chembe ambazo kazi yake si kuona sura bali kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku, na zinaitikia zaidi mwanga wa bluu, nanomita 480 hivi. Zikipata mwanga huo usiku, mwili hupunguza kutengeneza melatonini, homoni inayoandaa usingizi. Uchunguzi wa namna chembe za mwili zinavyotunza saa yao ya ndani ndio uliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2017. Miaka 10 kabla, mwaka 2007, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku inayovuruga saa hiyo kwenye kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani, na mwaka 2019 likairudia kauli yake. Sisemi taa ya jirani inaleta saratani. Nasema usiku una kazi mwilini, na mabweni ya shule zetu yanayolaza watoto chini ya taa nyeupe ya mrija mpaka asubuhi kwa kuogopa wizi yangepata ulinzi ule ule kwa balbu za njano za wati 2 au 3, zikafungwa chini kwenye korido, sentimita 40 kutoka sakafuni.

Wavuvi wa Matema, Ziwa Nyasa, wanalijua hili kwa upande mwingine. Karabai na taa za betri huvuta samaki wadogo wa usipa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hupungukiwa nguvu na kazi hulegea. Kiumbe wa majini anasoma tofauti ya mwanga wa mwezi na wa taa, sembuse wa nchi kavu.

Mvua za kwanza zikinyesha, tazama kumbikumbi chini ya taa. Watoto huweka beseni la maji na kufikia saa tatu limejaa. Wale mabawa yamewapeleka kutafuta wenza na kuanzisha kichuguu kipya. Wanamaliza safari kwenye duara la taa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa wadudu huvutwa na mwanga kama sumaku. Utafiti wa kamera za kasi uliochapishwa Januari 2024 ulionesha jambo jingine: mdudu anayeruka usiku huelekeza mgongo kwenye upande wenye mwanga zaidi, kwa kuwa tangu zamani upande huo ulikuwa mbingu. Akipita karibu na balbu anaigeuzia mgongo, na kwa kugeuka hivyo anajikuta anaizunguka bila njia ya kutoka. Ni mtego, hata kama hakuna aliyeutega.

Kwa mkulima hasara iko kwa nondo. Wa kuruka, si wa kujengea. Mpapai huchavushwa zaidi na nondo wakubwa wenye ulimi mrefu wanaotembelea maua jioni na usiku, na okidi nyeupe zenye harufu ya usiku, za jamii zinazopatikana uwanda wa Kitulo, nazo hutegemea hao hao. Uswisi walifunga taa za barabarani kwenye malisho ambayo hayakuwahi kuwa na taa: ziara za wachavushaji wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62, na mmea waliouchunguza kwa karibu ukazaa pungufu kwa asilimia 13, ingawa mchana nyuki walikuwepo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Soya nayo ni mmea wa siku fupi. Hutoa maua kwa kuhesabu urefu wa usiku. Mistari iliyo chini ya nguzo ya taa hubaki kijani wakati shamba zima limekauka tayari kwa kuvunwa. Ukiona hivyo usilaumu mbegu kabla hujatazama juu.

Kuhusu nyota zenyewe nitasema kidogo. Uchambuzi wa hesabu za watazamaji wa nchi mbalimbali, wengi wao Ulaya na Amerika ya Kaskazini, kati ya mwaka 2011 na 2022 ulionesha anga likizidi kung'aa kwa asilimia 9.6 kila mwaka. Kwa mwendo huo mng'ao huongezeka maradufu kabla ya miaka 8 kutimia. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake latokana na kulima na ambacho wazee walitunga kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kinachomoza mashariki jioni za Novemba, wakati huku kwetu jembe linatafutwa. Kifanye kipimo. Usiku usio na mwezi wala wingu, kaa gizani dakika 20 bila kushika simu, kisha hesabu nyota zake. Mwenye macho mazuri mahali penye giza huona 6 au zaidi. Ukiona 3, au doa tu lililofifia, anga lako limeshachafuka. Rudia kila mwaka mahali pale pale, uandike.

Sasa mafundi.

Kofia ya balbu ya ukutani haihitaji kununuliwa. Chukua bati bapa la geji 30, kata kipande cha sentimita 65 kwa 17, likunje kuwa mrija wenye kipenyo cha sentimita 20. Sentimita 2 zilizozidi ni za mshono. Funika juu kwa duara la bati lile lile na upitishe holda katikati. Balbu ya sentimita 12 itaishia sentimita 5 juu ya mdomo wa kofia, na hicho ndicho kipimo chenyewe. Ikifungwa mita 3 kutoka chini, inaangaza ardhi mpaka mita 6 pande zote, lakini mtu aliyesimama zaidi ya mita 3 haioni balbu. Jirani ambaye kiwanja chake kiko mita 6 chini ya chako kimteremko bado ataiona akiwa ndani ya mita 15. Kwa upande huo ongeza ulimi wa bati wa sentimita 5, na umbali huo unashuka hadi mita 7 na nusu. Kunja kingo zilizokatwa, maana ndizo zinazokata vidole na ndiko kutu huanzia. Ndani paka rangi nyeupe isiyong'aa, ila sentimita 5 za mwisho paka nyeusi. Usiibane balbu: kofia ikigusa kitako chake joto halina pa kutokea, na balbu ya LED haifi kwa uzi kukatika, hufa kwa vifaa vya umeme vilivyomo kitakoni kuungua.

Fotoseli, yaani kijicho kinachowasha taa giza likiingia na kuizima kukikucha, isipofungwa sawa ni chanzo cha taa zinazopepesa usiku kucha. Taa ikiwaka, mwanga wake unarudi kwenye fotoseli, fotoseli inadhani kumekucha, inazima. Giza linarudi, inawasha. Dawa ni kuihamishia juu ya kofia au upande wa pili wa nguzo, isiguswe na mwanga wa taa yake wala ukuta mweupe unaoakisi.

Sensa ya mwendo ndiyo ulinzi bora zaidi kwa pesa ndogo, kwa sababu taa inayowaka ghafla humgeuza kila mtu shingo, ilhali inayowaka usiku kucha hakuna anayeitazama. Ifungwe mita 2.5 kutoka chini, na ielekezwe ili anayeingia aikatize kwa mbele. Sensa hizi huona kwa urahisi kinachopita kuliko kinachoijia moja kwa moja. Isitazame barabara, la sivyo kila bodaboda itaiwasha. Isitazame matawi. Kwa vile inapima tofauti ya joto kati ya mwili na mazingira, baridi ya Juni huku kwetu inaifanya iwe nyepesi kupita kiasi hata paka akaiwasha. Punguza kitasa cha wepesi mpaka robo. Kitasa cha muda kiwe dakika 1 au 2. Wengi hukiacha kwenye kiwango cha juu kabisa, kisha wanasema sensa haizimi.

Taa za sola za mitaani zina kasoro yake. Zile ambazo paneli, betri na taa vimo kwenye bapa moja huinamishwa nyuzi 25 au 30 ili paneli ilione jua. Paneli ikiinama kuelekea kaskazini, tumbo lenye taa linainuka kuelekea kusini, na mwanga unatoka nje badala ya kushuka. Mbeya iko kama nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Paneli ikilala kabisa, umeme inaopoteza kwa mwaka haufiki asilimia 5. Kwa hiyo ilaze, au iinamishe nyuzi zisizozidi 10 ili mvua ioshe vumbi, na kiangazi ifutwe, kwa kuwa kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua ya kuiosha ni ya kubahatisha. Penye fedha, nunua aina ambayo paneli imetengana na taa, kila moja na mkono wake. Kisha shika rimoti: taa ikiwekwa asilimia 100 tangu magharibi, betri huisha saa nane usiku na watu wa alfajiri wanakwenda stendi gizani. Iwe asilimia 100 mpaka saa nne, 30 mpaka saa kumi, 60 mpaka kupambazuke. Uwanda wa Kitulo na Makete, ambako kuna usiku wa jalidi, ulizia betri kabla ya kununua, maana za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi 0.

Kwa nguzo za umeme za barabara kuu, tatizo ni mkono. Mikono mingi hupinda juu nyuzi 10 hadi 15 tangu kiwandani, na kichwa kikifungwa kwa kuufuata mkono, nacho kinatazama juu nyuzi zile zile. Vichwa vingi vya LED vina kiungo kinachorekebishika kwa boliti mbili. Fundi alegeze, aweke pimamaji juu ya kichwa, akilaze sawa, akaze. Ni dakika chache akiwa tayari kwenye ndoo ya winchi, na ni siku nzima akirudishwa.

Makabrasha ya zabuni, basi, yaandike hivi: mwanga unaopanda juu ya usawa wa taa uwe asilimia 0, kichwa kikiwa kimelala kwenye nyuzi 0 na kioo kikiwa bapa, si cha mbonyeo; rangi isizidi 3000K, na penye msitu wa hifadhi kama kuelekea Rungwe iwe 2200K; kiwango cha luksi kitajwe kama cha juu kabisa, si cha chini tu, kwa sababu mkandarasi akipewa cha chini pekee hufunga mara mbili yake ili awe salama; na kuanzia saa tano usiku mwanga ushuke hadi nusu. Hayo si ndoto za watu wachache. Ufaransa iliyaandika mengi ya hayo kwenye agizo la Desemba 2018: mwanga wa juu usiozidi asilimia 1, rangi isiyozidi 3000K, na taa za vioo vya maduka kuzimwa saa saba usiku. Karibu zaidi nasi, hifadhi ya NamibRand kule Namibia ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa giza lake, na wageni wanalipa kwenda kulitazama. Ruaha ina giza la namna hiyo bure. Mbozi tuna kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 16, watu wanatoka mbali kuliona jiwe lililoanguka kutoka mbinguni, kisha wanalala mjini ambako mbingu yenyewe haionekani.

Vituo vya mafuta na mabango havihitaji maneno mengi: taa za dari la kituo zizamishwe ndani ya dari, na bango limulikwe kutoka juu kwenda chini. Mabango ya skrini za LED ni kesi nyingine. Mchana hushindana na jua, hivyo hung'aa kwa kandela maelfu kwa mita ya mraba. Usiku mia chache zinatosha, na skrini yenyewe ina kifaa cha kujipunguza ambacho mtu ameamua kutokiwasha.

Halmashauri zetu hazina haja ya kungoja Dodoma ndiyo ianze. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za miji, Sura ya 288, inazipa uwezo wa kutunga sheria ndogo, na kibali cha ujenzi kinaweza kudai mchoro uoneshe taa za nje na kofia zake.

Limebaki la ukaguzi, ambalo Mbeya tuna bahati nalo. Miji ya pwani ingelazimika kurusha droni. Sisi tuna mlima. Kabla mhandisi hajasaini cheti cha kukamilika kwa kazi, apande jioni kwenye mteremko wa upande wa Loleza, juu ya usawa wa nguzo, akae mpaka saa mbili. Lami iliyoangazwa anapaswa kuiona, tena vizuri, kama utepe. Kioo cha taa kinachowaka hapaswi kukiona hata kimoja. Kila kinachomchoma macho akiwa kule juu akiandike namba ya nguzo, na mkandarasi arudi na spana kabla ya kulipwa.

Fundi umeme,
Ilomba, Mbeya.